Mfereji wa Mama

Jumatatu, 4 Agosti

Pampasi tena. Wavu wa chuma pale majitaka yanapoingilia umeziba tangu alfajiri, na nusu ya mzigo ni pampasi. Nusu nyingine ni vitambaa, chupa za plastiki na soksi moja ya mtoto. Watu wa Babati wanadhani choo hakishibi. Nimevuta kwa reki mpaka mabega yakagoma.

Gari la majitaka limekuja mara mbili kutoka Bagara. Dereva kapiga honi na kupaza sauti, "Injinia wa choo, shikamoo!" Mimi si injinia, ni fundi wa mabwawa. Injinia mwenyewe yuko mjini, huku anakuja akiwa na wageni. Nimeitikia marahaba, nikamwonyesha pa kumwagia. Kijana hana ubaya, ila ana mdomo.

Upepo wa mlima Kwaraa unakata masikio. Bwawa la kwanza kahawia, linanuka kama linavyotakiwa. La pili kijani kizito. La mwisho ndilo linanisumbua. Limeshuka. Maji ya kutoka mjini hayajapungua, jua la Agosti si la kukausha bwawa, na bado naona tope la ukingoni ambalo mwaka jana sikuliona mpaka karibu na mvua. Silipendi jambo hili.

Jumatano, 6 Agosti

Wanafunzi wa sekondari wametembelea. Wameziba pua tangu getini. Nikawaeleza kama ninavyowaeleza wote. Bwawa la kwanza, uchafu mzito unazama. La pili, mimea midogo ya kijani inakula kilichobaki. La mwisho ni la kina kifupi, jua linapenya mpaka chini na kuua vijidudu. Hakuna mashine, hakuna dawa. Maji yanakaa tu, wiki kwa wiki, kisha yanashuka kijitoni kuelekea ziwani.

Msichana mmoja akauliza, sasa wewe kazi yako nini? Nikamjibu kazi yangu ni kuyachelewesha. Wakacheka. Sikuwa natania.

La mwisho limeshuka zaidi. Koki ni nzima. Nimezunguka nusu ya tuta, sikuona ufa. Upande wa matete sikwenda, kuna nyoka.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Sikwenda kwenye maonyesho. Nimeshinda bustanini na mama.

Kikundi chao kina bustani chini ya mabwawa, upande wa Mutuka. Wanaruhusiwa kutumia maji yanayotoka bwawa la mwisho kwa mahindi na majani ya ng'ombe. Wanapanda pia chainizi, spinachi na karoti, na mimi najitia hamnazo, kwa sababu mwenyekiti wao ndiye mama yangu. Mwaka huu mboga zimenona ajabu. Jani moja la chainizi linafunika uso wa mtu. Sokoni wanawake wa kikundi wanatembea kifua mbele.

Mama Daniel alikuwepo na mjukuu wake, Debora. Mama Daniel na mama waliteremka pamoja kutoka Mbulu wakiwa maharusi, kabla mimi sijazaliwa. Wakikaa wawili wanaongea Kiiraqw cha zamani ambacho mimi nashika nusu. Debora bado hajaanza chekechea. Mama anampenda kuliko anavyonipenda mimi, na nasema hivyo bila kinyongo. Alimng'olea karoti, akaisuuza palepale kwenye maji ya bustani, akampa. Nikamkemea, si maji ya kuoshea chakula hayo. Mama akacheka.

"Yosefa, si maji yametoka kwako?"

Mtoto alishamaliza karoti.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimekwenda upande wa matete. Nimevaa gambuti, nimebeba fimbo. Nyoka hakuwepo. Udongo chini ya matete unateleza, nikaufuata unyevu.

Mfereji. Mwembamba, upana wa kiganja. Umetoboa tuta la bwawa la pili, unapita kando ya bwawa la mwisho bila kuligusa, unashuka mpaka bustanini. Maji yake kijani kizito, yana harufu. Hayajaona jua la kutosha. Hayajakaa.

Nimeujua mkono wa aliyejenga kabla sijachuchumaa. Zizi letu nyumbani lina mfereji kama huo. Mawe bapa yamepandana kidogo, kona pale penye mteremko ili maji yasikimbie, bonge la udongo lenye nyasi kwa kufungulia na kufungia. Mutuka nzima hakuna mwingine anayejenga hivyo. Kazi safi. Niliiangalia muda mrefu kuliko ilivyonipasa, kisha nikaiziba kwa udongo na mawe, nikashindilia mpaka jasho likanitoka kwenye baridi ile.

Nina hasira. Nina hofu pia, zaidi ya hasira.

Jumanne, 12 Agosti

Nimemwambia mama. Hakukana wala kuona haya. Alinieleza kama mtu anayemfundisha mtoto mzito.

Kwao Mbulu ng'ombe walilala ndani ya nyumba pamoja na watu. Mkojo na samadi havikutupwa. Mfereji ulipita chini ya ukuta mpaka shambani, na bibi harusi alipimwa kwa mfereji wake kabla ya kupimwa kwa mapishi. Yeye wake ulisifiwa. Sasa anaona mji mzima unanyea bondeni kwetu, na serikali inaikalisha samadi yote ile kwenye mabwawa mpaka nguvu inaisha.

"Mnayakalisha maji mpaka yanakuwa matupu," akasema. "Halafu mnatupa sisi matupu."

Nikamwambia samadi ya watu si samadi ya ng'ombe.

"Tumbo ni tumbo."

Tulibishana mpaka ugali ukapoa. Nikamweleza homa ya matumbo, minyoo, kuhara damu. Mwisho akasema sawa, hatafungua tena. Mama akisema sawa ni sawa. Wenzake wa kikundi hawajui habari za mabwawa ya kwanza na ya pili. Walijua tu kwamba mwenyekiti kawapatia maji mazuri.

Injinia sijamwambia. Akijua atafunga maji yote, na bustani itakufa katikati ya kiangazi. Mfereji umezibwa. Nimejiambia inatosha.

Jumamosi, 16 Agosti

Bwawa la mwisho linapanda. Nimelala vizuri jana.

Nimemwambia mama kikundi kisivune mboga kwa sasa, wangoje. Akasema atawaambia. Leo nimeona chainizi zao sokoni. Nikamuuliza. Kasema ameshindwa pa kuanzia.

Jumapili, 17 Agosti

Debora hakuja kanisani. Mama Daniel kasema anahara na joto liko juu. Mama aliacha kuimba katikati ya wimbo. Hakuna aliyeona ila mimi.

Jumatano, 20 Agosti

Debora amelazwa. Watoto wengine wa mtaa nao wanaharisha, lakini wanacheza. Yeye hachezi. Daktari kawaambia wazazi ni maji au ni chakula, hawezi kusema zaidi. Mama amekwenda hospitali na uji kwenye chupa ya chai. Akarudi na uji ule ule.

Nimemuuliza ni karoti ngapi alimpa wiki zile. Nilikuwa mkatili kuuliza.

Ijumaa, 22 Agosti

Debora amefariki asubuhi.

Jumapili, 24 Agosti

Tumemzika. Upepo ulikuwa unapeperusha kanga za wanawake na katekista alilazimika kupaza sauti. Jeneza dogo kiasi kwamba Daniel, baba yake, alilibeba peke yake. Hakukubali kusaidiwa.

Mama alikaa na Mama Daniel kwenye mkeka tangu Ijumaa. Amemshika, amemlisha, amemfunika. Mama Daniel alimlalia begani. Nilikuwa napika na wanawake wengine nyuma ya nyumba, na kila nikichungulia nawaona hivyo hivyo. Sijapata kuona kitu kigumu kukitazama kama kile.

Sina uhakika kwamba ni mfereji. Mtoto anaweza kuugua kwa mambo mengi. Hakuna wa kunipa uhakika, na sitaupata. Lakini yale maji nayajua.

Jumatatu, 25 Agosti

Nimempigia Injinia, nimemwambia kila kitu isipokuwa jina. Akauliza nani kachimba. Nikasema wakulima. Akauliza wakulima gani. Nikasema nimekuta mfereji, sikukuta mtu. Ni kweli na ni uongo.

Wamekuja mchana, yeye na watu wa afya. Maji ya kutoka yamefungwa mpaka yapimwe. Bustani yote inang'olewa na kufukiwa. Wanawake walisimama wakitazama. Mboga zilizonona vile zinalazwa shimoni. Mmoja akaniuliza mbele ya wote, "Yosefa, si wewe unayalinda maji haya? Ulikuwa wapi?"

Mama alikuwa amesimama karibu yake. Alitazama chini.

Ijumaa, 29 Agosti

Maneno yamekwisha kuzunguka mtaa. Fundi wa mabwawa alilala kazini, uchafu ukapita, mtoto akafa, kisha akaenda kuwachongea wakulima. Nimeyasikia bombani, yakakoma nilipofika. Dereva wa gari la majitaka hanitanii tena. Ananisalimia "habari za kazi" kama mtu wa benki.

Leo ilikuwa zamu yetu ya kupigiwa mbaazi. Kila mwaka majirani huja na fimbo, tunazipiga uani, tunapepeta, tunakula makande pamoja. Mama alipika sufuria kubwa. Hakuna aliyekuja. Tumezipiga wawili, mimi na yeye, na mwanamke wa jirani akafunga dirisha lake kwa ajili ya vumbi.

Nimemkasirikia mama. Neno moja kutoka kwake na mimi nasafishika. Neno lile lile likitoka kwangu, yeye amekwisha. Ana presha, miguu inamvimba, na hapa mjini hana ukoo. Watu wake ni jumuiya ya kanisa na kikundi. Kaka yangu yuko migodini, simu yake inapatikana akitaka yeye.

Jumapili, 31 Agosti

Jumuiya ilitakiwa kusali kwetu leo. Mama aliamka mapema, akafagia, akatandika kitambaa cheupe, akapanga vikombe. Chai ya maziwa ilikuwa kwenye chupa mbili.

Tulikaa. Tukasikia wanaimba nyumba ya tatu. Wamehamishia huko.

Mama akaanza kurudisha vikombe kabatini kimoja kimoja. Hakulia. Akasema, bila kunitazama, "Nani atanizika?"

Ndicho kitu anachokiogopa. Kifo chenyewe hakimtishi. Anaogopa kubebwa na watu wa kukodi, wasiojua jina la baba yake. Tangu nikiwa mdogo nimemsikia akisema hivyo, na nilikuwa nachoka kusikia. Leo sikuchoka. Nilimwambia mimi nipo. Akasema mtu mmoja habebi jeneza.

Jumatano, 3 Septemba

Nimerudi kazini nimemkuta amevaa gauni la kanisani na kitambaa kichwani. Akaniomba nimsindikize kwa Mama Daniel, nisimame nje.

Nilisimama kwenye ua wa minyaa. Mama Daniel alikuwa anaanua nguo. Mama hakumsalimia. Alianza moja kwa moja, kwa Kiiraqw, polepole, kwa hiyo nilielewa karibu yote. Mfereji ni wangu. Yosefa aliuziba, mimi niliuchimba. Maji yalikuwa ya bwawa la pili. Karoti nilimpa mimi. Nilizisuuza humo.

Akaishia hapo. Hakuomba msamaha. Nilidhani ataomba, nikajikuta nalitamka neno hilo kimyakimya badala yake.

Mama Daniel alishika shati la mtoto wa jirani, au la Debora, sijui. Alilikunja. Akaingia ndani na kufunga mlango. Tulirudi nyumbani. Njiani mama alitembea mbele yangu, nje ya njia, kwenye majani.

Ijumaa, 5 Septemba

Sasa naelewa kwa nini alitembea kwenye majani.

Mama amejitenga. Amehamishia kitanda chake kwenye chumba cha kuhifadhia mbaazi, upande wa zizi. Ana sahani yake, kikombe chake, ndoo yake ya maji yenye mfuniko. Hatoki nje ya ua. Haendi bombani, haendi kanisani, hakanyagi njia ya watu wala shamba la mtu. Akitaka kuongea na mimi anasimama mlangoni mwake na mimi nasimama mlangoni mwangu.

Nikamuuliza nani kamwambia afanye hivyo. Hakuna. Kasema alipokuwa msichana Mbulu, mtu aliyeguswa na kifo cha namna hii hakuchangamana. Hakugawiwa moto, na maji yake hayakunywewa, wala yeye hakukaribia chemchemi ya watu. Alikaa mpaka walioumia wamtoe wenyewe. Kama hawakumtoa, alikaa.

Nikamwambia mama, ni zamani hiyo, watu wamesoma, kuna makanisa kila kona. Akasema, "Na mtoto je, yuko zamani?"

Nikaenda kuchemsha maji ya ndoo yake.

Jumatatu, 8 Septemba

Watu wananisalimia tena. Shikamoo, marahaba, habari za nyumbani, pole na kazi. Yule aliyeniuliza nilikuwa wapi ameniletea mayai kazini. Dereva wa gari la majitaka amerudisha "Injinia wa choo" yake, kwa sauti ndogo. Hakuna anayeuliza habari za mama. Wakifika hapo wanaruka kama watu wanaoruka dimbwi.

Nimesafishika. Sina raha nayo hata kidogo.

Alhamisi, 11 Septemba

Katekista amekuja na padri. Padri ni kijana, mtu wa Kilimanjaro, mpole. Amemwambia mama Mungu amekwisha kumsamehe, atoke, Jumapili aje kwenye ekaristi. Mama alimsikiliza kwa heshima zote akiwa ndani ya mlango. Akamwambia, "Asante Baba. Na Mungu namshukuru. Lakini Mungu hakufiwa na mjukuu."

Katekista alikohoa. Padri akamwombea palepale kizingitini na kuondoka. Nampenda padri huyu kwa kutobisha.

Mama nampenda na nataka kumtikisa mabega. Hali vizuri. Miguu imevimba mpaka ndala haiingii. Dawa za presha anameza akikumbushwa. Nikimwambia twende kliniki anasema kule kuna benchi la watu wote, atakaa wapi?

Maji najua yakae muda gani mpaka yafae. Mtu sijui.

Jumatatu, 15 Septemba

Majibu ya maji yamekuja. Bwawa la mwisho liko sawa. Limefunguliwa tena, kwa majani ya ng'ombe na mahindi tu, na safari hii sitajitia hamnazo. Kikundi kimekubali. Wamechagua mwenyekiti mwingine. Walifanya uchaguzi haraka, wamesimama, kama watu wanaopitisha kitu wasichotaka kukisema.

Daniel amekuja na wanaume wa mtaa kuvunja mfereji. Mimi niliuziba tu, wao wameufukua kabisa. Wametoa mawe yote na kujenga upya tuta mahali palipotobolewa. Nilitegemea ayatupe mawe. Aliyapanga kando ya tuta, bapa juu ya bapa, akasimama anayaangalia. Akasema, "Kajenga vizuri bibi." Halafu akaenda nyuma ya matete, akakaa huko kitambo. Tulijifanya tunachanganya udongo.

Nyumbani nimemwambia mama kwamba mfereji haupo. Akauliza kama tuta limeshindiliwa vizuri. Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa kukubali, akafunga mlango wake.

Alhamisi, 18 Septemba

Mama ameanguka uani. Nimemkuta ameegemea ndoo yake, anapumua kwa shida. Nimembeba mpaka kitandani. Amekuwa mwepesi. Mdomo wake ulikuwa na rangi mbaya. Nikamwita bodaboda, akakataa kupanda. Nikamfokea. Nimemfokea mama yangu mzazi kwa maneno ambayo sitayaandika. Alinitazama tu. Kasema, "Nikifa hapa, umfuate kaka yako migodini. Msihangaike na watu."

Nesi anayeishi jirani amekuja kumpima. Amesema hospitali, na upesi.

Nimekwenda kwa Mama Daniel. Sikujua nitasema nini. Nilimkuta anachambua maharage kwenye ungo. Nikamwamkia, akaitika. Nikamwambia mama anaumwa, haendi hospitali, hatoki mpaka wewe umtoe. Nikamwambia simwombei msamaha, naomba atoke tu mle ndani. Vidole vyake havikusimama. Jiwe huku, maharage kule. Hakuinua uso. Nikangoja. Mwisho nikasema kwaheri, nikaondoka.

Nilimchukia njia nzima. Nilipofika bombani nikakumbuka lile jeneza. Chuki ikaisha, nikabaki na uchovu.

Ijumaa, 19 Septemba

Nimeomba ruhusa kazini. Injinia kasema pole, nenda. Wavu utaziba, uzibe.

Mama amekula vijiko viwili vya uji. Amesema ana ndoto za nyumba ya kwao, ng'ombe wanahema gizani. Sikutaka kusikia ndoto.

Nimempigia kaka tangu asubuhi. Haipatikani.

Jumamosi, 20 Septemba

Mama Daniel amekuja.

Ilikuwa saa za kuanua mbaazi. Nilimwona kwenye njia, peke yake, amejifunga kanga ya msiba. Nilidhani anapita. Akaingia uani. Hakubisha hodi wala hakunisalimia. Alikwenda moja kwa moja mlangoni kwa mama, akakaa chini kwenye udongo, mgongo kwenye ukuta, miguu ameinyoosha. Mama alikuwa ameketi ndani kitandani. Walikuwa karibu kiasi cha kushikana mikono. Hawakushikana.

Wakakaa. Kuku wakapita. Sikujua nisimame wapi na mikono yangu.

Kisha Mama Daniel akasema, kwa Kiswahili, kama aliyetaka na mimi nielewe:

"Sijasamehe, Mama Yosefa. Nina kiu."

Nikakimbilia jikoni. Nikachukua glasi nzuri, nikamimina maji ya kunywa, nikamletea kwa mikono miwili. Akainyanyulia glasi kiganja, kuikataa. Akaelekeza kidole kwenye ndoo ya mama. Ile yenye mfuniko.

Mama akasema hapana. Akasema kwa Kiiraqw, hapana, haya hayanywewi, unajua. Mama Daniel hakushusha kidole.

Mama aliinuka. Sijui alipata wapi nguvu. Alifunua mfuniko, akachota kwa kikombe chake, maji yakamwagikia gauni. Akampa. Mama Daniel alinywa yote, bila kupumzika, na machozi yakimtiririka mpaka ndani ya kikombe. Akakirudisha. Akaomba tena. Akanywa cha pili.

Maji yale nilikuwa nimeyachemsha mwenyewe. Hicho ndicho nilichokuwa nawaza, Mungu anisamehe, mimi na kazi yangu.

Mama Daniel aliniambia nimtafutie mama viatu. Nikasema havimwingii. Akavua malapa yake mapana, akainama, akamvalisha.

Tumekwenda hospitali watatu kwenye bajaji moja, mimi mbele na dereva. Wao nyuma walikaa kila mmoja akitazama upande wake. Mama amelazwa, wamempa dawa ya kutoa maji miguuni. Daktari anasema tungoje.

Mama Daniel amekataa kurudi nyumbani. Amekaa kwenye benchi nje ya wodi, miguu mitupu. Nimemwachia kanga yangu.